Hofu ya Kuanza Biashara: Ipe Bei Kwanza

Pesa ya kuanzia iko kwa simu. Si nyingi, labda elfu tatu, labda elfu tano, lakini umeiweka kidogo kidogo na hujaigusa. Wazo pia liko. Unajua utauza nini, utauzia wapi, na hata jina la biashara ulilipata siku moja ukiwa ndani ya matatu. Lakini kila Jumatatu ikifika unasema wiki hii hapana, wacha mwezi uishe kwanza. Mwezi unaisha. Unangoja mvua ipite. Mvua inapita. Halafu jioni moja unashuka steji na kupata mtu mwingine ameweka meza pale pale ulipokuwa umepaona wewe.

Kuna watakaokuambia huo ni uvivu. Mara nyingi si uvivu, kwa sababu mvivu hawezi kuweka elfu tano kwa bob hamsini hamsini miezi minane mfululizo. Ni hofu. Unaogopa kwamba ukianza mambo yatakataa, pesa itaenda, na watu wataona.

Hatutakuambia uache kuogopa. Hofu haiondoki kwa kuambiwa iondoke, kama vile njaa haiondoki kwa kuambiwa kuna chakula kwa jirani. Tutakachofanya hapa ni kukuonyesha namna ya kuitia hofu yako kwenye hesabu, kwa shilingi na kwa siku, ukitumia simu hiyo hiyo unayotumia kutuma na kupokea pesa. Hofu iliyo na bei unaweza kuamua kama utailipa. Isiyo na bei ndiyo hukukalisha nyumbani.

Hofu mbili zilizovaa koti moja

Ukimuuliza mtu anaogopa nini hasa, atakuambia “naogopa kushindwa.” Ukimkalisha chini mkaongea, utakuta ni mambo mawili.

La kwanza ni pesa. Hapa akili ya binadamu haipimi sawasawa, na si kosa lako. Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walichapisha kazi yao kuhusu jinsi watu wanavyoamua mambo ambayo matokeo yake hayajulikani. Waliona kwamba kupoteza kiasi fulani cha pesa kunauma kuliko kupata kiasi hicho hicho kunavyofurahisha. Kwenye hesabu walizofanya baadaye, mwaka 1992, hasara ilionekana kuwa na uzito wa karibu mara mbili ya faida. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Lakini hata bila Nobel unalijua jambo hili. Ukiokota noti ya elfu moja asubuhi, furaha imeisha kufikia chai ya saa nne. Ukiangusha elfu moja, unalala nayo na kuamka nayo, na wiki ijayo bado unaisimulia.

Kwa hivyo ukifikiria biashara, upande wa hasara unaongea kwa sauti kubwa kuliko upande wa faida, hata pale hesabu zenyewe zinapokuwa sawa. Ni vizuri ujue hilo mapema, ili ukisikia ile sauti uiulize: ni shilingi ngapi?

Jambo la pili ni aibu. Hili ni gumu zaidi kwa sababu haliingii kwenye hesabu. Ukifunga kibanda, nani ataona? Watu wa ploti. Watu wa chama. Ndugu yako aliyekuambia tangu mwanzo hiyo kitu haitafanya. Kuna mtu anaweza kuvumilia kupoteza elfu mbili lakini hawezi kuvumilia swali moja la mama mboga: “Siku hizi hauuzi?” Ukijichunguza ukapata hofu yako iko upande huu zaidi, dawa yake si kutafuta mtaji mkubwa. Mtaji mkubwa utaongeza aibu, si kuipunguza. Tutarudi hapo, kwa sababu mimi mwenyewe nimepitia.

Tuseme ni chapati

Chukua mfano. Unataka kuuza chapati jioni, karibu na steji, wakati watu wanatoka kazini. Jiko unalo, kikaango unacho, kibao na kifimbo viko jikoni, meza utaazima. Tutatumia bei za mfano tu. Za kwako zitakuwa tofauti, kwa hivyo kaa na kalamu uweke zako.

Pakiti moja ya unga wa kilo mbili, 180. Mafuta ya siku hiyo, 100. Makaa, 100. Chumvi, sukari kidogo na karatasi za kufungia, 20. Jumla 400. Pakiti hiyo inakupa chapati 24 za ukubwa wa kawaida. Unauza bob 20 kila moja. Zikiisha zote una 480.

Faida ni bob 80.

Simama hapo kidogo. Umeanza kukanda saa tisa, ukarudi nyumbani saa mbili usiku, na mkononi una faida ya 80. Watu wengi huwa hawajafanya hesabu hii. Wanaogopa biashara itaanguka, kumbe walichopaswa kuuliza ni kama itawalipa hata ikisimama. Hofu yao iko, lakini imekodolea macho mahali pasipofaa.

Sasa upande wa hasara. Tuseme unajaribu jioni tano, Jumatatu hadi Ijumaa, na kila jioni unauza nusu tu, chapati 12. Unaingiza 240, umetumia 400, umepoteza 160. Mara tano ni 800. Na zile zilizobaki watoto wamekula, kwa hivyo kuna jioni tano hukununua mkate wala ugali. Hata ikiwa mbaya kabisa, usiuze hata moja, utakuwa umetumia 400 siku ya kwanza, na hakuna anayekulazimisha kukanda unga tena siku ya pili.

Kwa hivyo ile hofu iliyokuwa inasema “nitapoteza kila kitu” sasa ina bei. Ni bob 800, pengine chini. Una elfu tano kwa simu. Je, uko tayari kulipa 800 ili ujue? Unaweza kusema ndiyo, unaweza kusema hapana, na jibu lolote kati ya hayo mawili ni halali. La maana ni kwamba sasa unaamua ukiwa na namba mbele yako.

Wacha tuendelee na jaribio lako. Jioni ya pili watu watatu wamesimama, wameangalia, wamekuuliza: “Na madondo?” Huna. Wameenda kwa yule wa ng'ambo ya barabara. Jioni ya tatu unachemsha maharagwe kilo moja: 160, nyanya na vitunguu na mafuta 60, makaa ya ziada 60. Umetumia 280. Unapata sahani 12, unauza 40 kila moja, hiyo ni 480. Faida ya maharagwe peke yake ni 200, na chapati nazo zimeanza kuisha mapema kwa sababu anayenunua madondo hanunui chapati moja, ananunua mbili. Kutoka bob 80 hadi 280 kwa jioni, na hukuliwaza hilo ukiwa kitandani. Uliambiwa na mteja aliyekuacha.

Jaribio linafanya kazi gani basi? Watu hudhani ni mtihani wa kupita au kuanguka. Si hivyo. Unanunua habari. Ile 800 ni bei ya habari ambayo hakuna mtu angekupa bure, na ambayo huwezi kuipata kwa kuomba ushauri kwa watu wasiouza chapati.

Hata huduma hii ya pesa kwa simu ilianza hivyo

Wengi wetu tunafikiri kutuma pesa kwa simu kulibuniwa na mtu aliyejua tangu mwanzo Wakenya wanataka nini. Haikuwa hivyo. Oktoba 2005 Safaricom na Vodafone walianza jaribio la M-Pesa Nairobi na Thika, wakishirikiana na Faulu, taasisi ya mikopo midogo. Waliojaribu nalo walikuwa wakopaji mamia tu, na mawakala walikuwa wachache wa kuhesabu kwa vidole. Lengo lilikuwa moja: mtu aliyekopa aweze kulipa mkopo wake kwa simu badala ya kubeba noti hadi kwenye mkutano wa kikundi.

Kwa lengo hilo, mambo hayakwenda vizuri sana. Kuoanisha malipo ya simu na vitabu vya mikopo kulikuwa na kazi nyingi. Lakini waliokuwa wakifuatilia waliona wateja wanafanya vitu ambavyo hawakuambiwa wafanye. Wengine walitumiana pesa. Wengine waliweka pesa kwa wakala kabla ya safari, wakaitoa wakifika, ili wasitembee na noti. Wenye biashara walilaza mauzo ya siku humo badala ya kuyaweka chini ya godoro.

Wangeweza kusema jaribio limeanguka, mikopo hailipwi tulivyotaka, tufunge. Badala yake waliangalia kile ambacho watu walikuwa wakifanya tayari, wakaacha mambo ya mikopo kando, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa nchi nzima kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka huo kuisha watumiaji walikuwa wamepita milioni moja.

Ni kampuni kubwa, ndiyo, na wewe una meza ya kuazima. Lakini hata wao hawakuanza na nchi nzima. Walianza na mamia ya watu, mahali ambapo kukosea kungegharimu kidogo. Wazee walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tunaongeza kwamba koleo ikivunjika ikiwa ndogo, mhunzi anaweza kununua nyingine.

Toroli langu

Nilisema nitarudi kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijaanza kazi hii ya kuandika, niliamua kuuza mayai ya kuchemsha na smokie. Sikuogopa hata kidogo, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Nilikuwa nimeona kijana mmoja mtaani anauza hadi anamaliza, nikasema kama yeye anaweza, mimi je?

Nikanunua toroli kwa shilingi 11,000 kabla sijauza yai hata moja. Nilipiga picha, nikaweka kwenye WhatsApp ya familia. Shangazi zangu wakatuma vidole gumba na maombi. Nikachagua lango la chuo kimoja, kwa sababu wanafunzi wana njaa kila saa. Wiki mbili za kwanza zilikuwa tamu. Wiki ya tatu nilifika nikakuta lango limefungwa. Chuo kilikuwa kimeenda likizo, ile ndefu. Mlinzi alinionea huruma, akanunua mayai mawili.

Nilihama hapa na pale kwa mwezi mmoja, kila mahali palikuwa na mwenyewe. Mwisho nikauza toroli kwa 6,500. Uchungu wenyewe ulikuwa kwamba sehemu ya ile elfu kumi na moja ilikuwa pesa ya kozi ya mdogo wangu. Nilikuwa nimeiazima kimyakimya, nikisema nitairudisha kabla hajaihitaji. Ilibidi nimwambie mama.

Nilitarajia radi. Mama alinyamaza, akaendelea kuchagua mchele, halafu akasema, “Kwa hivyo sasa umejua chuo hufunga.” Ni hayo tu. Mdogo wangu alianza kozi muhula mmoja kuchelewa. Hilo sijalisahau, na yeye pia hajalisahau, ingawa hulisema kwa utani.

Ile aibu niliyoiogopa baadaye, ya watu wa ploti, iliniuma kwa wiki mbili hivi. “Toroli liko wapi?” “Niliuza.” “Aaa.” Halafu wakahamia habari nyingine, kwa sababu kila mtu kwenye ploti ana toroli lake la kuficha. Nilijifunza kwamba watu wanakufikiria kidogo sana kuliko unavyodhani. Aibu ya kushindwa ina muda wake, na ni mfupi. Deni la mdogo wangu ndilo lililochukua miezi saba kulipa.

Ningeanza na trei moja ya mayai, sufuria na ndoo yenye kifuniko, ningepoteza kiasi cha nauli ya wiki. Na ningemuuliza yule mlinzi swali moja tu siku ya kwanza. Hakuna kitu kwenye biashara hiyo kilichohitaji toroli mwezi wa kwanza. Toroli lilikuwa la picha.

Tenga pesa ya jaribio, uiache peke yake

Ukishajua bei ya jaribio lako, itoe pale ilipo na uiweke mahali pake. Usiiache kwenye laini unayonunulia tokeni za stima na kulipia karo, kwa sababu baada ya wiki hutajua kama biashara imekula pesa ya nyumbani au nyumbani imekula pesa ya biashara. Mara nyingi ni nyumbani. Unaweza kutumia laini ya pili, akaunti ya biashara ya simu, au namba ya till. Utakayochagua, sheria ni moja: pesa ya jaribio inaingia mara moja, na kila kitu cha biashara kinatoka humo.

Hapa simu inakusaidia kwa njia ambayo daftari haliwezi. Kila mteja akilipa, saa inaandikwa. Mwisho wa wiki fungua taarifa ya miamala yako uisome polepole, kama unavyosoma barua. Utaona malipo yanaanza saa ngapi. Kama kati ya saa kumi na saa kumi na mbili hakuna kitu, na kuanzia saa kumi na mbili na nusu malipo yanafuatana, basi unajua makaa yanaungua bure masaa mawili. Utaona kama Ijumaa ni nzito. Utaona namba zinazojirudia, yaani wateja waliorudi. Mteja aliyerudi mara tatu kwa wiki ya kwanza ana maana kubwa kuliko kumi waliokuja mara moja kwa sababu wanakujua.

Hilo la wanaokujua liangalie sana. Wiki ya kwanza marafiki watanunua kwa upendo. Usipange biashara kwa pesa ya upendo. Ngoja uone wageni.

Wanaolipa kwa noti waandike pembeni, au weka noti hizo kwa wakala jioni ziingie kwenye akaunti ile ile, ili taarifa iwe kamili. Na usiwe wa kutoa pesa mara tano kwa siku, mia kwa mia, kila mara unakatwa ada. Muuza unga akiwa na till, mlipe moja kwa moja. Kwenye faida ya bob 80, ada ndogo ni pigo.

Kosa moja tunaliona kila siku: mtu anaangalia salio jioni, anaona 480, anasema leo nimepata 480. Hapana. Umeuza 480. Ile 400 ni ya kesho, ni unga na mafuta yanayosubiri kununuliwa. Biashara nyingi ndogo hazifi kwa kukosa wateja, zinafia hapo.

Kuna hofu inayosema ukweli

Si kila hofu ni ya kushindwa vita. Nyingine inakulinda. Kama pesa uliyoshika ni ya kodi ya mwezi huu, na mwenye nyumba haongei mara mbili, kuogopa kuitia kwenye mayai ni akili. Ningekuwa nimeogopa kidogo zaidi, mdogo wangu angeanza kozi kwa wakati.

Mkopo nao uangalie kwa makini, hasa wa kuanzia. Mkopo wa simu ni kitu kizuri kwa aliye na biashara inayozunguka, anayejua akinunua bidhaa Jumatatu zinaisha Alhamisi. Kwa anayejaribu, ni jambo lingine kabisa, kwa sababu jaribio linaweza kukataa lakini mkopo haukatai kulipwa. Angalia muda wa kulipa kabla ya kiasi unachopewa. Mkopo wa kibinafsi wa Hustler Fund, uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, unalipwa kwa siku 14. Siku 14 zinamtosha muuza mboga. Anayefuga kuku wa nyama kuanzia vifaranga hazimtoshi, kwa sababu wakati wa kulipa kuku wake bado ni wadogo. Si mkopo mbaya. Ni muda wa mkopo na muda wa kuku ambao haukukutana. Na ukikwama, jina likapelekwa CRB, utakuwa umelipia jaribio bei ambayo hukuipanga.

Halafu kuna wale wanaokujia na biashara isiyo na hasara. Weka elfu tano, baada ya wiki upate elfu kumi, lete watu wawili, kazi yako imeisha. Wanajua unaogopa kushindwa, kwa hivyo wanakuuzia kitu “kisichoshindwa.” Biashara ya kweli inaweza kukueleza inavyoweza kupoteza pesa. Ukimuuliza mtu “hii inaweza kupoteza vipi?” naye akacheka au akakasirika, funga mfuko. Na akikuomba PIN yako kwa sababu yoyote ile, hata akisema anapiga kutoka kwetu, kata simu. Sisi hatuiombi.

Amua siku ya kuacha kabla ya siku ya kuanza

Hili wengi hawapendi kulisikia, lakini ndilo linalotuliza moyo kuliko mengine. Kabla ya kukanda unga wa kwanza, andika vitu viwili: tarehe na kiasi. Kwa mfano: “Nitajaribu hadi Ijumaa ya wiki ijayo, au hadi nipoteze 800, kitakachotangulia.” Ujitumie kama meseji ibaki kwenye simu, na umwambie mtu mmoja. Mmoja tu, asiwe wa WhatsApp ya familia. Awe mtu atakayekuuliza siku hiyo, “Umefika ngapi?”

Kazi yake ni hii. Ukiwa ndani ya biashara, akili yako haiko sawa. Umepoteza 800, unajiambia nikiongeza 500 nitarudisha yote. Ni ile hesabu ya hasara kuuma mara mbili, sasa inakusukuma mbele badala ya kukuzuia. Nikiwa na toroli nilihamahama mwezi mzima kwa sababu hiyo hiyo. Sikutaka elfu kumi na moja yangu iwe imepotea, kumbe ilikuwa imeshapotea. Tarehe uliyoiweka ukiwa umetulia inakuamulia ukiwa umechanganyikiwa.

Siku hiyo ikifika, soma taarifa ya miamala, ufanye moja kati ya matatu: endelea vilevile, badilisha kitu kimoja, au acha. Ukibadilisha, badilisha kimoja. Ukihama mahali na kupandisha bei na kuongeza sambusa siku moja, hutajua ni kipi kilisaidia. Ukiacha, umemaliza jaribio kwa bei uliyopanga, na salio lililobaki bado ni lako.

Siku ya kwanza yenyewe

Mikono itatetemeka kidogo, na hiyo ni kawaida. Mara nyingi kinachotisha siku hiyo ni vitu vidogo vidogo: kutaja bei, kuomba malipo, kuogopa kutapeliwa watu wakiangalia.

Bei iandike kwenye kadibodi kwa herufi kubwa uisimamishe mezani. Anayeandika bei hahitaji kuitaja kwa sauti iliyoinama, na mteja hapati nafasi ya kuuliza “hii ni ngapi ya mwisho?” Namba ya kulipia iandike hapo hapo, na jina litakalotokea kwa simu ya mteja, ili ajue hajakosea.

Malipo yakifanywa, usiangalie meseji kwenye simu ya mteja. Meseji inaweza kutengenezwa, na inaweza kuwa ya jana. Ngoja ya kwako ifike, na ukiwa na shaka angalia salio. Mwambie tu, “Ngoja kidogo iingie.” Hakuna mteja wa kweli anayekasirika kwa sekunde kumi. Mtu akikupigia baadaye kwamba amekutumia kimakosa umrudishie, usirudishe kwa mkono wako; angalia kama pesa iliingia kweli, kisha umwelekeze apige kwa huduma kwa wateja, pesa irudishwe kwa utaratibu.

Na jioni moja kabla ya kufungua, fanya hivi: mwombe rafiki akutumie bob 10 kwenye ile namba utakayotumia. Uone jina linatokea sawasawa, meseji inaingia, na salio linabadilika. Kama kuna kitu kimekosewa kwenye usajili, ni heri ukijue ukiwa jikoni kwako kuliko mbele ya foleni ya watu wanne wenye njaa.